Mtani Wangu Nisiyemjua

Juzi nilitukanwa na mtu nisiyemjua, ndani ya daladala, mbele ya abiria waliojaa hadi mlangoni. Nikashuka Kariakoo nikicheka peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Ilianza hivi. Nilipanda daladala Tandika asubuhi, nikapata kiti kando ya bibi mmoja mwenye kikapu cha embe mapajani. Kabla hatujafika mbali simu yangu ikaita. Alikuwa shangazi yangu wa Tabora. Mimi nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, Kinyamwezi changu ni cha kuombea maji tu, lakini shangazi hapokei salamu ya Kiswahili. Basi nikajikaza, "Mwangaluka!" Nikaongeza maneno mawili matatu ninayoyajua, nikakata simu.

Bibi akanigeukia, akanitazama toka juu hadi chini, kisha akapaza sauti.

"Konda! Mnyanyue huyu kijana kwenye kiti. Huyu ni mpagazi wetu. Mtwishe mizigo kichwani atembee kwa miguu, ndiyo kazi iliyowaleta huku."

Gari zima kimya. Nikasema, "Shikamoo bibi. Bila shaka wewe ni Mzaramo."

"Marahaba. Na bibi yako nani? Mimi tajiri yako."

"Tajiri gani? Babu yangu alitembea miezi mitatu na pembe begani. Alipofika Pwani akamkuta babu yako amelala chini ya mnazi, palepale alipomwacha mwaka uliopita."

Abiria wakaangua kicheko. Bibi ndiye aliyecheka kuliko wote, hadi akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. Nikamlipia nauli, akapokea bila kusema ahsante kwa sababu, alisema, huo ni ushuru anaodai siku nyingi. Kisha akanipa embe mbili. "Kula, usije ukaanguka njiani ukanipa kazi. Maana ukifa, mtani, nitakayekuzika ni mimi."

Nilipofika kazini nikamsimulia mwenzangu mmoja wa chumba cha habari, kijana mwenye shahada kama mimi. Hakucheka. Akaniuliza, "Sasa huo si ukabila?"

Swali zuri. Ndugu msomaji, nimelifikiria swali hilo siku tatu nzima, na leo nataka kulijibu. Ila jibu lenyewe halianzii ndani ya daladala. Kwangu mimi lilianzia makaburini.

Baba yangu alifariki miaka minne iliyopita. Alikuja Dar es Salaam kijana, akafanya kazi, akastaafu, akafia hapa hapa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Ndugu wa Tabora walitaka tumpeleke nyumbani, na mimi nilitaka hivyo hivyo, lakini hatukuwa na pesa ya kusafirisha mwili na watu. Tukaamua azikwe Dar. Niliona aibu ambayo sijui kuieleza. Nilijiona mtoto wa kiume niliyeshindwa jambo la kwanza la kiume nililopewa.

Katika hali hiyo, jioni ya siku ya msiba, akaingia uani mzee mmoja nisiyemjua. Alikuwa amevaa kofia ya baba. Sijui aliipata wapi ndani ya nyumba yetu. Akaanza kutembea kama baba alivyokuwa akitembea, mguu mmoja ukivuta kidogo, mkono nyuma ya mgongo. Akafika mbele ya wanawake waliokaa mkekani, akasimama, akasema, "Huyu Mnyamwezi alikuwa mbahili. Kafa makusudi ili asinilipe deni langu."

Kesho yake makaburini akafanya kubwa zaidi. Jeneza lilipoletwa, tukamkuta amekwisha ingia kaburini, amelala chali, mikono kifuani. Hatoki. "Shimo hili ni langu," anasema. "Hii ni ardhi ya Wazaramo. Mnyamwezi alikuja na mzigo, si na shamba. Lipeni kwanza."

Nilishuka nikamshika ukosi wa shati. Nakiri kwamba nilikuwa nampiga. Baba yangu mdogo, aliyekuja na basi usiku kucha, akanishika mkono kwa nguvu. "Mwache," akanong'ona. "Leo mwenye msiba ni yeye, si wewe."

Baba mdogo akatoa noti ya shilingi 2,000. Mzee akaiangalia dhidi ya jua kama anakagua noti bandia, watu wakacheka, na mimi nikamsikia mama yangu akicheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu baba alipokata roho. Kisha mzee yule akainuka, akabaki mlemle kaburini, akalipokea jeneza kwa mikono yake na kulilaza taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Baadaye ndipo nikaambiwa mengine. Kaburi lile yeye ndiye aliyeamka alfajiri na vijana wa mtaani kulichimba. Kuni za kupikia wafiwa alizileta yeye. Na baba yangu hakumfahamu! Alikuwa anakaa mtaa wa pili, akasikia tu kwamba kuna Mnyamwezi amefariki. Ilimtosha. Msiba ulipokwisha akachukua koti moja kuukuu la baba, ndiyo haki yake, akaondoka. Jina lake sikuuliza.

Sasa tuje kwenye historia, maana mambo haya hayakuota kama uyoga.

Katika karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya Wajerumani, barabara kuu ya nchi hii ilikuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Ni kama kilomita 1,200. Pembe za ndovu zilishuka Pwani, vitambaa, shanga na nyaya za shaba zikapanda bara. Watu waliouzwa utumwani walipitishwa humo humo, na hilo tusilisahau tunaposimulia mambo ya kuchekesha. Lakini wengi waliobeba mizigo katika njia ile hawakuwa watumwa. Walikuwa wapagazi wa kulipwa, na miongoni mwao waliovuma zaidi ni Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Mwingereza Richard Burton, aliyetoka Pwani Juni 1857 na kufika Kaze, eneo la Tabora ya leo, Novemba mwaka huo, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi kazi hiyo ilikuwa kipimo cha uanaume. Watoto wa kiume walizoeshwa mapema kwa kubebeshwa pembe ndogo.

Hebu jiweke katika nafasi ya kijana wa miaka 20 wa Unyamwezi wakati ule. Unatoka kwenu, unapita Mgunda Mkali ambako maji ni ya kubahatisha. Unafika Ugogo, watawala wanadai hongo kabla ya kuruhusu msafara upite. Ndui inaweza kuingia kambini wakati wowote. Unafika Pwani baada ya miezi, na huenda ukakaa wiki nyingi ukisubiri mzigo wa kurudi. Huna shangazi wala mjomba huku. Ukiugua, nani atakupa uji? Ukifa, nani atakufukia?

Wazaramo na majirani zao wa Pwani walikuwa na swali lao pia. Kila mwaka wanakuja maelfu ya vijana wageni wenye njaa na silaha, wanapita mashambani mwao. Unaishi nao vipi? Huwezi kupigana nao kila mwaka. Wala huwezi kuoa na kuolewa nao wote mkawa ndugu.

Jibu ambalo watu wa pande zote mbili walilijenga linaitwa utani. Sheria zake hazikuandikwa popote lakini kila mtu alizijua. Mtani wako anaruhusiwa kukutukana, na wewe ni marufuku kukasirika. Anaweza kuchukua kitu chako kidogo, kuku au kitambaa au tumbaku, na wewe zamu yako ukifika utachukua chake. Lakini ukifiwa, kazi za msiba ni zake. Ndugu wa marehemu wamelegezwa na majonzi, wengine wana miiko. Mtani hana machozi yanayomziba macho, kwa hiyo yeye anachimba, anaosha, anafagia, anachekesha. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameueleza utani kama sehemu ya utamaduni uliokomaa barabarani, uliowawezesha wasafiri kupita katika nchi za watu bila kuwa wageni kabisa.

Kuna maelezo mengine, na ni haki kuyataja. Mwaka 1941 Reginald Moreau alichapisha makala kuhusu utani katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Huyu bwana kwa kazi yake hasa alikuwa mtaalamu wa ndege! Alifika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1928. Chini ya milima hiyo ni Muheza na Korogwe, nchi ya mashamba ya mkonge, ambako manamba kutoka kila kona ya Tanganyika walikutanishwa. Mtu mwenye masikio asingeweza kukaa pale bila kusikia watu wakitukanana na kucheka. Moreau alipouliza chanzo, jibu lililojirudia lilikuwa vita. Makabila yaliyopigana zamani ndiyo yaliyokuja kuwa watani. Mfano wa karibu ni Wangoni na Wahehe. Walipigana vita vikali kuanzia mwaka 1878, na leo Mngoni na Mhehe wakikutana baa utafikiri wataitiwa polisi, kumbe wanagombania nani amlipie mwenzake.

Mwaka mmoja kabla ya Moreau, yaani 1940, mtaalamu wa elimu ya jamii A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameandika makala yake maarufu kuhusu mahusiano ya namna hii katika jamii mbalimbali duniani. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kuna watu ambao mazingira yanakulazimisha uwe nao karibu na wakati huo huo mna sababu za kugombana. Njia ya kwanza ni kuwekeana heshima kali na kukwepana. Njia ya pili ni utani: ule uhasama unatolewa nje kwa mdomo, mbele ya watu, hadi unaisha makali.

Vita au safari, ipi kweli? Mimi naona havipingani. Vita na msafara vyote viwili vinakukutanisha na mtu usiyemjua ambaye anaweza kukudhuru. Utani unaanza pale ambapo pande zote mbili zimegundua kwamba huyu mtu haondoki, tutakutana naye tena mwakani.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Misafara ikafa. Ungetegemea utani ufe nayo. Haukufa, kwa sababu kilichokuwa kinauhitaji hakikuwa barabara ya vumbi bali ugeni. Ugeni ulihamia kwenye mashamba ya mkonge, migodini, na mijini. Hata Zambia, wakati ule ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, mtafiti J. Clyde Mitchell alieleza mwaka 1956 jinsi wafanyakazi wa miji ya shaba walivyotumia utani wa makabila ili kuzoeana na watu wasiofahamiana. Mji ni msafara uliopiga kambi ukasahau kuondoka. Hapo Tandika nani ni mwenyeji?

Sasa nimjibu mwenzangu wa chumba cha habari. Je, ni ukabila?

Namwelewa kwa nini anaogopa. Sisi tumelelewa katika nchi yenye makabila zaidi ya 120 ambayo iliamua mapema kutolitia uzito suala hilo. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kutoa takwimu za makabila. Tukafundishwa shuleni kwamba kumuuliza mtu kabila lake ni utovu wa adabu. Na tumewaona majirani zetu. Rwanda mwaka 1994 na Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jina la kabila lilitosha kumuua mtu.

Lakini angalia tofauti. Mkabila akisikia kabila lako anatafuta sababu ya kukunyima kitu: kazi, chumba cha kupanga, mchumba. Mtani akisikia kabila lako anajipa kazi. Yule mzee alisikia "Mnyamwezi" akachukua jembe. Neno ni lile lile. Kinachofuata baada ya neno ndicho kinachotofautiana.

Simaanishi kwamba utani ndio ulioiletea Tanzania amani. Kiswahili, siasa za Mwalimu, na ukweli kwamba hakuna kabila moja kubwa la kutisha mengine, yote hayo yana nafasi yake, na wapo wanaostahili kuyapima kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba kabla hajaja mwanasiasa yeyote kutuhubiria umoja, wapagazi na wakulima wasiojua kusoma walikuwa wamekwisha tatua tatizo ambalo sisi wenye digrii tunalifanyia semina.

Tena utani una mipaka, na tunaivunja kila siku. Mpaka wa kwanza, lazima mwenzako awe na haki ya kujibu. Bosi anayemtania mfagizi kwa kabila lake hatanii, ananyanyasa, kwa sababu mfagizi hawezi kumrudishia. Mwanamume anayemshika dada wa watu barabarani na kusema "mimi mtani wako" naye anatafuta kichaka cha kujificha. Mpaka wa pili, maneno yanalipiwa kwa wajibu. Hapa ndipo ninapowashangaa ndugu zangu wa Simba na Yanga. Tunaziita timu hizi watani wa jadi, na kweli ni za jadi: Yanga ilianza 1935 na Simba 1936. Neno tumelichukua kwa wazee, matusi tumeyachukua, tena tumeyaongeza chumvi kwenye simu zetu. Wajibu tumeuacha. Shabiki wa Yanga akifiwa, je, mashabiki wa Simba wa mtaa ule wanajua kwamba zamu ya kuchimba ni yao? Wapo wanaojua, nimewaona. Ni wachache.

Sasa niungame, maana nisije nikaonekana mwalimu.

Wiki tatu kabla ya kukutana na bibi wa daladala, mtaani kwetu alifariki mzee wa Kizaramo. Sikumjua. Nilipita asubuhi nikaona turubai limefungwa, viti vya plastiki vinashushwa, vijana wameanza kukusanyika. Mtu wa dukani akaniambia ni nani na ni kabila gani. Nikajua mara moja ninachodaiwa. Nilikuwa na habari ya kumaliza kabla ya saa sita. Nikasema nitapita jioni. Jioni nikachelewa foleni, nikapita usiku, wameshazika.

Hakuna aliyenilaumu. Nani angenilaumu? Hakuna aliyejua kwamba mtani wao alikuwa anapita pale na begi la kompyuta mgongoni, akitazama chini. Hiyo ndiyo raha ya mji, na ndiyo ubaya wake. Kijiji kingenisema. Mji umeninyamazia.

Ndiyo maana bibi aliponiambia "nitakayekuzika ni mimi", nilicheka pamoja na abiria, lakini embe zake zilinikaa vibaya mkononi njia nzima kutoka kituoni hadi ofisini. Yeye hakunijua hata jina, akaniahidi kaburi. Mimi nilijua nyumba, nilijua saa, nikapita.

Nimenunua jembe. Liko nyuma ya mlango wa chumba changu, halina kazi nyingine, maana sina shamba. Wenzangu wakija wananiuliza la nini. Nawaambia nasubiri Wazaramo. Wanacheka, wanafikiri ni utani.

Ni utani kweli.